Skrubu Mbili za Mashine ya Mwanjelwa

Nilipokwenda msibani Kihesa mwezi uliopita nilikuwa nimejiandaa kuhuzunika. Nilivaa koti, nikakunja uso inavyotakiwa, na nikachagua kiti kilicho karibu na masufuria ya wali, maana huzuni yangu haijawahi hata siku moja kuzuia njaa yangu. Marehemu alikuwa fundi wa kompyuta, ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi. Iringa nzima ilimwita Dokta, ingawa hakuwahi kutibu kitu chochote chenye damu. Jina lake la ubatizo silitaji, kwa sababu watoto wake ni watu wema na hawajanikosea. Basi akasimama msemaji wa familia akaanza kusoma wasifu. Alipofika kwenye kazi za marehemu, akasimulia habari ya kompyuta ya gemu iliyotoka Mbeya, ambayo skrini yake ilikuwa inazimika na mafundi wote wa Nyanda za Juu Kusini walikuwa wameshindwa nayo. Akasema Dokta aliitazama mara moja tu, akaisimamisha, akanyoosha kidole: kosa liko hapa. Watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja pembeni yangu akafuta machozi kwa pindo la kanga. Mimi nikaweka sahani chini. Nina uzito wa gunia la viazi la lumbesa, lakini hasira iliyonipanda pale ingeweza kuninyanyua mimi na kiti hadi juu ya turubai.

Msibani huwezi kugombana na mtu aliyelala kwenye jeneza, hata kama anakudanganya kwa mdomo wa mwingine. Lakini tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikigombana na kuta, na sufuria, na kuku wa jirani, mpaka mke wangu akasema kama jambo lina maneno mengi hivyo niliandike, kwa kuwa yeye amechoka kusikia habari za skrubu kila tunapokula. Ndiyo maana naandika. Na naandika nikiwa nimekasirika, nisije nikapoa nikaanza kuwa na adabu.

Mwaka ule wa kompyuta ya Mbeya nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilikuwa nasoma kidato cha nne, masomo ya jioni. Tulikaa kwenye madawati ya watoto wa shule ya msingi, magoti yetu yakiwa karibu na masikio. Darasani kwetu kulikuwa na dereva wa lori aliyeijua ramani ya Zambia kuliko mwalimu wa jiografia, na mama muuza vitumbua aliyetulisha wote wakati wa hesabu ili tusilie. Mchana nilifanya kazi kwa Dokta. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, karibu na soko la mjini, chenye dirisha dogo lililoingiza baridi yote ya mkoa. Katikati palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi la kijivu, kama kitanda cha hospitali ya misheni. Dokta alivaa koti jeupe, jeupe kweli, mkewe alilifua na kulipiga pasi kila siku mpaka kola ikaweza kukata mkate. Kila kompyuta iliyoingia ililazwa ubavu juu ya blanketi lile, kisha ndipo ilifunguliwa. Hiyo ilikuwa sheria. Mgonjwa, alisema, hatibiwi akiwa amesimama. Wateja walilipenda neno hilo. Hata mimi nililipenda. Nilikuwa nalirudia darasani nikijifanya nimelitunga mwenyewe.

Na alikuwa na tabia nyingine ambayo wateja hawakuiona. Dokta hakupenda kurudisha skrubu. Akifungua mashine yenye skrubu ishirini, ataifunga na tisa. Alisema huko kiwandani wanaogopa kila kitu, wanakaza kama wanajenga daraja. Zilizobaki alizitupia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, na kopo lile lilikuwa zito hivi kwamba tetemeko lingebomoa jengo zima likaliacha pale pale.

Fundi wa pili, na nasema wa pili kwa sababu ya umri tu, alikuwa Atupele. Alitoka Mbeya, Mnyakyusa wa Mwanjelwa, amenizidi miaka mitano, nami nilimwita dada Atu. Mikono yake ilikuwa mitulivu na hakuwa na haraka na mashine yoyote. Dokta alianza kwa kutaja ugonjwa, Atupele alianza kwa kutoa wasio na hatia. Ndivyo alivyokuwa anasema: tuanze na kisicho na hatia. Anatoa ram, kile kijiti cha kumbukumbu, anaijaribu kwenye mashine nyingine, ikifanya kazi anaiweka pembeni na kuiambia nenda nyumbani. Anabadilisha waya wa skrini, anabadilisha skrini yenyewe, anabadilisha pawa saplai, kila kimoja kinapata nafasi ya kujitetea. Anachobaki nacho mwisho ndicho chenye kosa. Nimefanya kazi na mafundi wengi tangu hapo, na sijaona njia iliyo bora kuliko hiyo, wala iliyo ya haki zaidi.

Mashine ya Mwanjelwa ilifika mara ya kwanza mwezi wa saba, ikiwa imefungwa ndani ya kiroba, imepakiwa kwenye buti la basi. Mwenyewe alikuwa Ambokile, kaka mmoja aliyekuwa na chumba cha gemu jirani na soko la Mwanjelwa, ambako vijana walipanga foleni kucheza. Aliituma kwetu kwa sababu ya Atupele: wamekua mtaa mmoja, alikuwa anamwamini. Kwenye simu alieleza kwamba mtu akiwa katikati ya gemu, skrini inakuwa nyeusi. Siku hiyo Atupele alikuwa Kilolo, ametumwa kwenda kutengeneza printa za ofisi. Dokta akailaza, akaifungua mwenyewe, mimi nikashika tochi. Ndani mlikuwa na vumbi la kutosha kupanda heka moja ya mahindi. Akatoa kadi ya picha, yaani ile sehemu inayoipa skrini kitu cha kuonyesha. Ilikuwa kadi kubwa ya feni tatu, nzito kama tofali, imekazwa kwa skrubu mbili kwenye bati la nyuma. Akaisafisha vizuri, hilo simnyimi, akaipaka dawa mpya ya kupooza joto, akairudisha kwenye nafasi yake ikaitika. Zile skrubu mbili zikaenda kwenye kopo. Nilizisikia zikilia. Tukaiwasha imelala hivyo hivyo, ikacheza siku tatu bila kupepesa, tukairudisha Mbeya.

Haikumaliza wiki ikawa imerudi. Safari hii Ambokile alieleza jambo la ajabu zaidi: feni zinazunguka, taa za rangi zinawaka kama harusi, kibodi inaitika, hata sauti ya gemu inaendelea, unasikia watu wanapigana risasi, lakini skrini imekuwa nyeusi na inaandika kwamba haipati kitu kutoka kwenye kompyuta. Atupele akaanza na wasio na hatia. Ram zote mbili zikaenda nyumbani. Waya, nyumbani. Pawa saplai, nyumbani. Alipofika kwenye kadi akauliza skrubu zake ziko wapi. Dokta akajibu bila kugeuka kwamba ziko kwenye kopo, atazifunga mwenyewe wakati wa kufunga mashine. Mashine ikakaa mezani imelala, ikacheza siku mbili mfululizo, na kama gemu lingekuwa na mitihani ingehitimu. Siku ya pili, tukiwa tunakunywa chai ya saa nne na chapati, Atupele aliitazama muda mrefu akaacha chai ipoe. Akasema, kama anaongea na chapati, kwamba kuna kitu sisi tunaifanyia hapa ambacho Ambokile haifanyii kule. Dokta akasema kule umeme ni mbaya, basi. Atupele akatoka kwenda kununua waya sokoni, na aliporudi akakuta Dokta ameshaifunga na kuishonea kiroba.

Mara ya tatu Ambokile alikuja nayo mwenyewe. Alisafiri kutoka Mbeya ameipakata mapajani kama mtoto mgonjwa, na alipoingia kwetu hakusalimia. Pale ndani walikuwepo wateja watatu: katibu muhtasi wa ofisi fulani, mwanachuo mmoja, na mzee aliyeleta redio ambayo tulishamwambia mara nne kwamba hatutengenezi redio. Ambokile akasema mbele yao wote kwamba binamu yake amefungua mashine kule Mbeya, akakuta kadi ina dawa mpya na haina skrubu hata moja, na kadi isiyo na skrubu maana yake ni kadi iliyobadilishwa. Ya kwake nzima imetolewa, amewekewa mbovu inayofanana nayo. Akasema anataka kadi yake.

Sasa sikilizeni kilichofuata, kwa sababu ndicho kilichoachwa kwenye ule wasifu. Dokta alikuwa na sentensi moja tu ya kusema: kadi niliitoa mimi, skrubu ziko kwenye kopo. Sentensi fupi, mtoto wa chekechea angeimaliza bila kupumua. Badala yake akavua miwani, akaifuta kwa lile koti, akageuka.

"Atupele," akasema, "kadi ya watu iko wapi?"

Atupele alifikiri ni utani. Akamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeuliza habari za skrubu, na kwamba mashine ilipokuja mara ya kwanza yeye alikuwa Kilolo. Dokta akasema mashine ile yeye hajawahi kuigusa ndani, kazi za Mbeya zote anamwachia Atupele kwa kuwa ni watu wake. Alisema hivyo kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya daktari. Katibu muhtasi akasogeza mkoba wake karibu. Ndipo Atupele akanigeukia mimi. Hakuniuliza kitu. Alinitazama tu, kwa sababu alijua kwamba siku ile yeye akiwa Kilolo, lazima kuna mtu alishika tochi, na katika karakana ile mshika tochi alikuwa mmoja.

Nikatazama redio ya yule mzee. Mpaka leo naweza kuichora: ilikuwa ya mbao, kitufe kimoja kimepotea, pamechomekwa kifuniko cha soda. Niliitazama kana kwamba ndani yake kuna mtu ananisomea habari. Atupele alisubiri. Halafu akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya blanketi, akatoka. Ambokile akaiacha mashine mezani, akasema anatoa wiki moja kadi yake irudi, vinginevyo ataenda polisi. Alikuwa bado kwenye korido nikamsikia yuko kwenye simu, anawaambia watu wa Mwanjelwa kwamba mtoto wa mama Atupele ni mwizi. Mama Atupele alikuwa muuza ndizi kwenye soko lile lile. Basi la kwanza kwenda Mbeya lilikuwa halijajaa, lakini habari ilishafika.

Watu huniuliza, kwa nini ulinyamaza, wewe unayeongea hata usingizini. Nina jibu, ila ni jibu la aibu. Dokta aliniruhusu kutoka saa kumi kila siku ili niwahi masomo. Hakukuwa na bosi mwingine Iringa ambaye angekubali hilo, na mtihani ulikuwa umebaki miezi mitatu. Nilikitaka kile cheti kuliko nilivyotaka kuoa. Ndiyo sababu yote, hakuna nyingine nyuma yake. Nimeigeuza kila upande kama kadi ile nikitafuta sehemu inayong'aa, na sijaipata. Na kinachonikera zaidi ni kwamba ram ya kawaida kabisa, kipande cha plastiki kisichofika urefu wa kiganja, ilipata kwa Atupele nafasi ya kutolewa, kujaribiwa mahali pengine na kutangazwa haina hatia. Yeye mwenyewe tulimhukumu kabla chai haijapoa. Tulikuwa mafundi wawili pale ndani na hakuna aliyejaribu hata mara moja.

Siku nne baadaye Dokta alikwenda Kilolo kwenye kipaimara cha mpwa wake. Meza ilikuwa imejaa kompyuta za chuo, zimelala ubavu kumi na mbili kama wodi ya wanaume. Nilitaka kuijaribu tena mashine ya Mbeya, na sikuwa na mahali pa kuilaza, kwa hiyo nikaiweka sakafuni, wima, kama mtu yeyote anavyoweka kompyuta nyumbani kwake. Nikachomeka skrini, nikawasha gemu, nikaendelea na kazi nyingine. Baada ya kama dakika ishirini nikasikia risasi, nikageuka kuona nani anauawa. Skrini nyeusi. Sauti inaendelea. Nikailaza, nikaizima na kuiwasha: picha ikarudi, safi kabisa. Nikaisimamisha, nikaitikisa kidogo: giza. Nikailaza: picha. Nililaza na kusimamisha mara kumi na moja, kama mchungaji anayebatiza mtu mbishi.

Nikaiacha wima nikamulika ndani kwa tochi. Ile kadi ya feni tatu ilikuwa imeinamisha mkia wake chini. Bila skrubu hakuna kitu kilichoishika isipokuwa nafasi yake kwenye mazabodi, yaani ile bodi kuu, na uzito wake wote ulikuwa unaivuta itoke, kidogo kidogo, na barabara ya kutoka Iringa hadi Mbeya ikiisaidia kwa kila tuta. Ikilala ubavu, kadi inasimama, uzito unaikandamiza ikae vizuri. Na sisi, kwa sheria ya Dokta, hatukuwahi kuijaribu ikiwa wima, si hiyo wala nyingine yoyote. Mashine zote zilizopita mikononi mwetu miaka yote ile zilipona zikiwa zimelala. Atupele aliliona hilo akiwa na kikombe mkononi: kuna kitu sisi tunaifanyia. Mimi nilimalizia tu, tena kwa sababu ya kukosa nafasi mezani. Nikachimba kwenye kopo, nikapata skrubu mbili zinazoingia, nikaikaza kadi. Mashine ikasimama wima kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi, nami nikacheza gemu muda wote huo kwa jina la sayansi.

Dokta alirudi kesho yake na nyama ya kipaimara kwenye hotipoti na chupa ya ulanzi, pombe ya mianzi, amechangamka. Nikamwonyesha. Nikailaza, nikaisimamisha, nikatoa skrubu, nikarudisha. Alitazama akiwa amekunja mikono, na nakiri kwamba niliona mtu anayeelewa kila kitu kwa sekunde mbili. Halafu akaniambia niipeleke Mbeya mwenyewe, nimwambie Ambokile kwamba kosa lilikuwa umeme wa kule na sisi tumelirekebisha kama msaada. Nikauliza, na dada Atu je? Akasema Atupele ameshaondoka, tusifukue. Nikasema lakini kadi haikuibwa, ni hii hii. Dokta akafungua hotipoti, akanichagulia kipande chenye mafuta, akaniwekea kwenye kifuniko.

"Mtihani wako ni lini vile?" akauliza.

Nikala nyama ile. Nawaambia ukweli wote. Niliila ikaisha.

Kwenye basi niliiweka mashine wima kati ya magoti na nikaanza kufanya mazoezi ya uongo. Makambako nilikuwa nausema vibaya. Igawa, basi liliposimama na watu wakaja madirishani na mahindi ya kuchoma, nilikuwa ninaweza kusema neno umeme kwa namna mia nne, kila moja ikiwa na uso wake. Nilipanga niende moja kwa moja kwa Ambokile, nimkabidhi, nigeuze na basi la mchana. Lakini chumba chake cha gemu unakifikia kwa kupita sokoni, na mtu aliyebeba kompyuta iliyofungwa kirobani anaonekana kuliko bendi ya jeshi. Mama mmoja kwenye ndizi akanisimamisha. Ugonile, akasema, nami nikaitikia salamu ile jinsi Atupele alivyonifundisha. Akatazama kiroba. Akauliza kama mimi ndiye yule wa Iringa niliyekuwa nafanya kazi na mwanawe. Nikasema ndimi. Alikuwa na mkungu mzima mbele yake, na ilikuwa karibu saa sita, na meza za wenzake kulia na kushoto zilikuwa zimebaki na maganda tu.

"Baba," akaniuliza, taratibu, "mwanangu aliiba?"

Zile namna mia nne zote zikaniruka. Nikasema hapana mama, hakuiba. Akanishika mkono kwa kiganja kigumu kama ubao, akaniambia nisiondoke pale, akamtuma jirani yake kwenda kumwita Atupele. Alipokuja hakunisalimia. Tukaongozana watatu, mimi na kiroba changu katikati kama mfungwa.

Chumba cha gemu kilikuwa kimejaa vijana, wengi wakiwa wamesimama, mashine nyingine ndogo zikiwaka. Nikaiweka ya Ambokile mezani, wima, nikaeleza yote. Nikasema kadi aliitoa Dokta, nilishika tochi mimi, skrubu ziliingia kwenye kopo, Atupele alikuwa Kilolo. Nikazitoa zile mbili mbele yao, nikaitikisa, skrini ikawa nyeusi na risasi zikaendelea kulia. Nikazirudisha, nikaiwasha, picha ikaja. Vijana wakapiga miluzi. Ambokile akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyepata mali yake, akanipiga begani, akasema kumbe skrubu tu bwana, haya nani alikuwa wa kwanza, kaeni. Vijana wawili wakakaa wakashika kibodi na kipanya, mchezo ukaanza, na yeye akaanza kutafuta kiti chake.

Atupele akapita nyuma ya meza, akachomoa waya wa skrini. Giza. Akaushika mkononi, ncha ikiwa juu.

Vijana wakalalamika kwa pamoja. Ambokile akauliza nini tena. Atupele akasema kosa la sasa hivi halina haja ya fundi, liko mkononi mwake, na litabaki hapo.

"Dada Atu," Ambokile akasema, "twende nje tuyamalize."

"Uliyasemea nje?"

"Nilikosea. Niliyasema kila mahali."

"Anza na hapa."

Kulikuwa na vijana kama ishirini na watano mle, na kila mmoja alikuwa anataka kucheza, na hakuna mahakama duniani yenye wazee wa baraza wakali kama hao. Ambokile akatazama dari, akatazama mlango. Halafu akamwomba radhi, kwanza kwa sauti ya chini, na Atupele akasema hajasikia. Akarudia. Kisha Atupele akamwonyesha mama yake kwa ule waya, na Ambokile akaenda mpaka mlangoni, ambako wauza ndizi wengine walishakusanyika, akainama akamwomba radhi mama Atupele mbele yao, kwa Kinyakyusa. Sikuelewa maneno ila niliona shingo yake inatoka jasho. Mama akaitikia. Atupele akarudisha waya.

Mimi nikafikiri kwa namna fulani na mimi nimeshamaliza. Nilikuwa natabasamu, mwanaharamu mimi. Nikamfuata nje, nikamwambia dada Atu, nisamehe. Akanitazama kama anavyotazama kifaa kilichobaki mwisho mezani.

"Nikikusamehe hapa utarudi Iringa ukalale usingizi," akasema. "Kasemee pale pale uliponyamazia."

Hakunipa ndizi wala soda ya safari. Leo ana karakana yake Mbeya, na wanaopita kwake wananiambia kwamba kila mashine anaijaribu imelala, halafu imesimama, halafu anaibeba na kuzunguka nayo chumba. Msibani hakuja. Sikumpigia kumwambia kilichosomwa pale.

Niliporudi Iringa, Jumatatu nilingoja saa nne, chai ilipoletwa, kwa sababu muda huo wateja wanakuwa wengi. Walikuwepo sita. Mzee wa redio alikuwepo, Mungu ambariki, na redio yake. Dokta alikuwa ameinama juu ya meza na koti lake jeupe. Nikasimama karibu na kopo nikasema, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyopanga, kwamba kadi ya Mbeya aliitoa Dokta, si Atupele, kwamba skrubu hazikurudishwa na Dokta, kwamba Atupele hakuiba kitu, na kwamba mimi niliona kwa macho yangu nikanyamaza. Mwanachuo mmoja akaacha kutafuna. Dokta hakuinua kichwa. Alikuwa anachomeka waya mdogo sana, na akamaliza kuuchomeka.

"Umemaliza?" akauliza.

Nikasema nimemaliza.

"Haya. Funga mlango, baridi inaingia."

Nikaenda nikaufunga, nikiwa upande wa nje.